Georges Vézina, kipa asiyekosa mechi aliyeficha homa yake

Mshambuliaji akichoka, kocha humbadilisha. Kipa hana bahati hiyo. Anasimama golini kuanzia mwanzo hadi mwisho, na akiumwa kidogo hujikaza, kwa kuwa anajua wenzake wamempa mgongo wakiamini yupo. Wiki hii tunasimulia maisha ya kipa mmoja aliyejikaza hivyo kwa misimu 15 mfululizo, kisha akajikaza mara moja zaidi pale ambapo hakupaswa.

Jina lake ni Georges Vézina, raia wa Kanada. Imepita takribani karne moja tangu afariki dunia, lakini ugonjwa uliomwondoa bado tunautibu hapa Dodoma. Ndiyo maana tunamkumbuka katika safu ya afya badala ya kurasa za michezo.

Mtoto wa mwoka mikate

Vézina alizaliwa tarehe 21 Januari 1887 katika mji mdogo wa Chicoutimi, jimbo la Quebec, ambako watu huzungumza Kifaransa. Baba yake alikuwa mwoka mikate, naye Georges alikuwa kitindamimba kati ya watoto wanane. Aliacha shule angali kijana mdogo akaenda kumsaidia baba yake.

Majira ya baridi huko ni makali, na maji huganda yakawa kama sakafu. Juu ya sakafu hiyo vijana hucheza hoki ya barafu. Wachezaji huteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma, hushika magongo, na badala ya mpira hupiga kisahani kigumu cha mpira chenye uzito wa gramu 170 hivi. Kikipigwa na mtu mwenye nguvu kinaweza kuvunja pua au kung'oa meno. Vézina alianza kudaka akiwa na viatu vya kawaida tu. Viatu vya chuma alikuja kuvizoea baadaye.

Februari 1910, timu ya kulipwa ya Canadiens kutoka jiji la Montreal ilifika Chicoutimi kwa mechi ya kirafiki. Wenyeji, ambao walicheza kwa mapenzi tu, waliwafunga wageni, na viongozi wa Canadiens wakaondoka na jina la yule kipa. Mwanzoni Vézina hakutaka kuondoka kwao. Mwisho alikubali, na tarehe 31 Desemba 1910 akadaka mechi yake ya kwanza ya kulipwa.

Miaka 15 golini

Siku hizo kipa wa hoki alikuwa na kazi ngumu kuliko sasa. Hakuvaa kinga usoni. Hadi mwaka 1918 sheria ilimkataza hata kujirusha chini, kwa hiyo alidaka akiwa wima, kwa macho na gongo lake. Vézina aliimudu kazi hiyo kwa utulivu mkubwa. Kwa kuwa tango hubaki la baridi hata siku ya joto, mashabiki walimwita Tango la Chicoutimi.

Alikuwa mtu mpole asiye na maneno mengi. Mwaka 1908 alimwoa Marie-Adélaïde-Stella Morin. Uvumi ulienea kwamba walikuwa na watoto 22. Ukweli ni kwamba walikuwa wawili, na wa pili alizaliwa usiku uleule timu ilipotwaa Kombe la Stanley mwaka 1916, akaitwa Marcel Stanley. Nje ya uwanja, Vézina aliendesha biashara ya kusindika ngozi huko kwao.

Tarehe 18 Februari 1918 alikuwa kipa wa kwanza katika ligi mpya ya NHL kumaliza mechi bila kufungwa. Mwaka 1924 alinyanyua Kombe la Stanley kwa mara ya pili. Jambo lililowashangaza watu zaidi lilikuwa lingine: tangu siku ile ya Desemba 1910 hakuwahi kukosa mechi. Alicheza zaidi ya mechi 320 za ligi mfululizo, na nyingine 39 za mtoano.

Alikuwa ameuona uzito wa maradhi kwa macho yake. Mwaka 1919 Canadiens walisafiri hadi Seattle, Marekani, kucheza fainali wakati homa ya mafua makali ikiitesa dunia. Wachezaji kadhaa waliugua, fainali ikasimamishwa bila mshindi, na mwenzao Joe Hall akafariki dunia tarehe 5 Aprili. Vézina alirudi nyumbani salama, akaendelea kudaka.

Msimu ambao hakuumaliza

Kiangazi cha mwaka 1925 kilipokwisha, Vézina alirudi Montreal kwa mazoezi. Alionekana wazi kuwa si mzima, lakini hakumwambia mtu neno. Ndani ya wiki sita alipungua takribani kilo 16. Hebu fikiria mtu mzima mwanamichezo, mwenye chakula mezani, anapoteza uzito wa mfuko wa unga wa kilo 16, na bado anavaa jezi.

Mechi ya kwanza ya msimu ilichezwa tarehe 28 Novemba 1925 dhidi ya Pittsburgh. Aliingia golini akiwa na homa ya karibu nyuzi 39. Alimaliza kipindi cha kwanza bila kufungwa. Wakati wa mapumziko alitokwa damu mdomoni. Hata hivyo alirudi uwanjani, na kipindi cha pili kilipoanza akaanguka. Kipa mwingine aliingia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka 15 Canadiens wakaendelea bila Vézina.

Kesho yake madaktari walimpa jibu: kifua kikuu, yaani TB. Alishauriwa arudi kwao kupumzika. Akarudi Chicoutimi na mkewe, na tarehe 27 Machi 1926 akafariki dunia katika hospitali ya mji huo akiwa na umri wa miaka 39.

Viongozi wa timu yake walitoa kombe kwa ajili ya kumbukumbu yake. Mpaka leo kipa bora wa ligi ya NHL hupewa Tuzo ya Vézina kila mwaka.

Je, angepona?

Msomaji anaweza kuuliza kama Vézina angepona iwapo angesema mapema. Hilo hakuna wa kuliapia. Mwaka 1925 dunia haikuwa na dawa ya kuua vimelea vya TB. Robert Koch alikuwa amevitangaza tarehe 24 Machi 1882, na chanjo ya BCG ilikuwa imeanza kutolewa Paris mwaka 1921, lakini aliyekwisha kuugua alipewa mapumziko, hewa safi na chakula kizuri, basi. Katika mwaka huohuo wa 1926 aliokufa Vézina, hapa kwetu ilianzishwa hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu ya Kibong'oto, Kilimanjaro, nayo ilianza enzi hizo ambazo dawa haikuwapo. Streptomycin, dawa ya kwanza ya kweli, iligunduliwa mwaka 1943.

Lakini kuna watu ambao ukimya wa Vézina uliwaweka hatarini bila wao kujua. TB ya mapafu huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya, kuimba au hata kuzungumza kwa muda mrefu ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Mgonjwa asiyetibiwa anaweza kuwaambukiza watu 5 hadi 15 anaokaa nao karibu ndani ya mwaka mmoja. Wachezaji wenzake walivaa pamoja naye katika chumba kimoja. Nyumbani kulikuwa na mke na watoto.

Hapo ndipo maisha yake yanapotugusa sisi. Yeye alijikaza katika zama ambazo daktari alikuwa na msaada mdogo. Sisi tunajikaza katika zama ambazo dawa ipo, inatolewa bure katika vituo vya huduma nchini, na mgonjwa wa TB ya kawaida hutibiwa kwa miezi 6. Bila matibabu, karibu nusu ya wagonjwa wa TB hufa.

Tanzania ina sehemu yake ya heshima katika habari hii. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, ukishirikiana na daktari Karel Styblo, ambaye mwenyewe aliugua TB akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Hapa Tanzania alijenga utaratibu wa kumwandikisha kila mgonjwa, kusimamia anavyomeza dawa, na kumfuatilia hadi apone. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuupeleka duniani kote.

"Ni vumbi tu, daktari"

Hapa Mtumba na Dodoma kwa jumla, kikohozi hupewa majina mengi. Fundi wa ujenzi husema ni saruji. Mkulima husema ni vumbi la kiangazi. Mtumishi aliyehamia kutoka Dar es Salaam husema ni baridi na upepo wa Juni na Julai. Yote hayo yanaweza kumkohoza mtu, lakini hayamwondolei kilo zake wala hayamloweshi jasho usiku.

Nenda ukapime ikiwa una kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa hasa za jioni, jasho jingi usiku, kupungua uzito bila sababu, au makohozi yenye damu. Anayeishi na VVU asisubiri wiki 2. Akohoe siku ngapi, apime. Kipimo ni makohozi, na mara nyingi majibu ya mashine ya GeneXpert hupatikana ndani ya siku moja au mbili, yakionyesha pia kama vimelea vimekuwa sugu kwa dawa kuu.

Wazazi, mtoto mdogo ana TB ya namna yake. Mara nyingi hana makohozi ya kutoa, na huenda asikohoe sana. Angalia kadi ya kliniki: uzito umesimama au unashuka. Angalia uchezaji wake: alikuwa wa kwanza kutoka nje, sasa anakaa mlangoni anawatazama wenzake. Kovu la BCG begani humlinda zaidi dhidi ya TB kali, kama ile ya utando wa ubongo, lakini si hakikisho kwamba hataugua. Siku hizi kuna vidonge vya watoto vinavyoyeyuka katika maji, hivyo hakuna haja ya kusagasaga dawa za mtu mzima.

Mtu mzima ndani ya nyumba akikutwa na TB, nyumba nzima ipelekwe kupimwa. Mtoto wa chini ya miaka 5 ambaye hajaugua hupewa dawa za kuzuia TB, na hizo huweza kumwepusha na ugonjwa. Fungueni madirisha. Katika nyumba zetu za tembe zenye vidirisha vidogo, na katika vyumba vya kupanga ambamo mafundi hulala watano, hewa inayopita ni kinga ambayo haiuzwi dukani.

Ukianza dawa, usiache. Wiki chache za mwanzo utapata nafuu, utarudiwa na hamu ya kula, na utajiona umepona. Vimelea vilivyobaki ndivyo vigumu zaidi, na ukiacha hapo vinaweza kurudi vikiwa sugu. Mkojo kugeuka rangi ya chungwa ni kawaida ya dawa, usiogope. Macho yakiwa ya manjano, au ukitapika mfululizo, rudi kituoni siku hiyohiyo. Mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango amweleze mtoa huduma, kwa kuwa dawa za TB hupunguza nguvu ya vidonge hivyo.

Jambo la mwisho ni kwa waajiri, wakuu wa kazi na walimu wa michezo. Vézina alisifiwa kwa kutokukosa mechi, na sifa hiyo huenda ilimfanya aone aibu kusema anaumwa. Mfanyakazi asiyekosa kazini ni wa kupongezwa, ila akionekana amekonda na anakohoa, mpe ruhusa ya siku moja akapime kabla hajaomba. Mgonjwa aliyekwisha kuanza dawa na kuzimeza vizuri, kwa kawaida huacha kuambukiza wengine ndani ya wiki chache. Hakuna sababu ya kumfukuza kazi, kumtengea sahani, wala kumtoa mtoto wake shuleni.

Canadiens walipata kipa mwingine, George Hainsworth, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutwaa Tuzo ya Vézina. Timu hupata kipa mwingine. Watoto wawili wa Chicoutimi hawakupata baba mwingine. Kama kikohozi chako kimepita wiki 2, kesho asubuhi pitia kituo cha afya kabla ya kwenda kazini.

Mwandishi wa safu hii ni daktari, Mtumba, Dodoma.