Mwenda Jean Bosco, gitare ya vidole viwili

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama na watoto wa kambi, leo tunaacha kidogo mambo ya mushahara na kofia za kazi. Tunataka kuongea juu ya mutu mumoja wa Katanga yetu ambaye gitare yake ilisikiwa mupaka Nairobi, mupaka Amerika. Jina lake ni Mwenda Jean Bosco. Wazee wanamukumbuka. Vijana wanaosikiliza muziki mu telefone, wengi hawajasikia hata jina, na njo sababu tunaandika. Tena mutaona kama hatuendi mbali na mambo ya sendika, kwa sababu Bosco alikuwaka mufanyakazi kama sisi.

Alizaliwa mwaka 1930 ku Bunkeya, muji wa Wayeke, kule Msiri alikuwaka mufalme. Msiri na watu wake walitoka upande wa Unyamwezi, wakafuata shaba na pembe za tembo, wakabaki. Mwaka 1891 watu wa safari ya Stairs, waliotumikia mufalme Leopold, walimuua. Jina Mwenda ni jina kubwa kule Bunkeya, wafalme wenyewe wanalibeba. Kwa hiyo mwaka 1972, wakati Mobutu alikataza majina ya Kikristo na kila mutu akaanza kutafuta jina la babu yake, Bosco hakuhangaika. Lake lilikuwa tayari: Mwenda wa Bayeke.

Muji mukubwa wa karibu ulikuwa Jadotville, ile tunaita leo Likasi. Mutu wa mugodi hana haja tumueleze Likasi: Shituru, moshi, kambi za Union Minière, nyumba za mustari. Watu walifika pale kutoka Kasai, kutoka Rwanda, kutoka upande huu wetu wa Rhodesia, kila mutu na luga yake. Ku kazi na ku soko waliongea Kiswahili. Haikuwa Kiswahili cha pwani, na wenye kusoma walikicheka. Njo kile Kiswahili cha kambi Bosco alikichukua na kukiimba. Hiyo ni miaka ambayo jeraha la Desemba 1941 lilikuwa bichi: wafanyakazi wa Union Minière waliomba mushahara, wakapigwa risasi na askari mu Élisabethville. Bosco alikuwa mutoto wa miaka 11 hivi.

Gitare ilikuwa kitu kipya mu makambi. Vijana waliipenda kwa sababu ilikuwa ya muji, haikuwa ya muzee wa kijiji wala ya mupadri. Walisikiliza disiki za Cuba, za Trio Matamoros na wengine. Walienda kuangalia filimu za kauboi. (Wazee wetu walikuwa wanavaa kofia kama za kauboi na kutembea kama mutu aliyeshuka ku farasi, na farasi hawajaigusa hata siku moja.) Na kutoka upande wa Zambia nyimbo zilipanda na reli. Sisi wa Sakania tunajua, reli ilipita kwetu mbele ya kufika kwengine: treni ilifika hapa mwaka 1909, Élisabethville mwaka 1910. Cuba, kauboi, Zambia, nyimbo za Wayeke: vyote viliingia mu kichwa cha ule kijana.

Mwaka 1952 muzungu mumoja, Hugh Tracey, alifika Jadotville. Huyu alikuwa anatoka Afrika ya Kusini na mashini ya kushika sauti, anazunguka inchi kwa inchi kuandika muziki wa watu weusi. Alimukuta Bosco, kijana wa miaka 22 hivi, na gitare yake. Kati ya nyimbo alizoshika siku zile, moja inaitwa Masanga. Mwaka ule ule wimbo huo ulipata zawadi ya muziki bora wa Afrika, ile ya chama cha muziki ambacho Tracey mwenyewe alikuwa ndani.

Sasa tuongee juu ya Masanga, kwa sababu hapa njo kuna siri. Wengi wakipiga gitare wanapiga paka kwa kusindikiza sauti: wanashika akodi, wanakwaruza, wanaimba juu. Bosco hapana. Alitumia vidole viwili tu vya mukono wa kuume, kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba linatembea chini ku nyuzi nene, polepole, kama mutu anayejua njia. Kidole cha pili kinacheza juu, kinauliza, kinajibu, kinakimbia, kinarudi. Ukifunga macho unafikiri watu wawili wanapiga, pengine watatu. Na hicho kidole cha juu hakifanyi kitu kimoja kila mara: kinabadilisha, kinachelewa makusudi, unafikiri kimepotea na kumbe kinaangukia pale pale gumba linakingojea. Mutu aliyeona fundi mizuri wa machine, ule ambaye mikono yake miwili inafanya kazi mbili na macho yake yanaangalia kitu cha tatu, anaelewa tunasema nini.

Wenye kusoma muziki waliishangaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwalimu mumoja wa London, David Rycroft, alikaa na disiki za Bosco akaandika noti moja moja ku karatasi, ginsi wanavyoandika muziki wa wakubwa wa Ulaya. Fikirieni: kijana wa Bunkeya, luga ya kambi, vidole viwili, na mwalimu wa universite anatoka jasho kwa kumufuata.

Disiki zake zilitoka ku kampani ya Gallotone, Afrika ya Kusini. Zilikuwa zile disiki nzito za zamani, zinazunguka mara 78 kwa dakika, wimbo mumoja kila upande, dakika tatu na umekwisha. Ukiangusha, imepasuka. Zilienda mu mabaa, mu maduka ya Wahindi, mu nyumba za wenye gramofone, kutoka Rhodesia mupaka Uganda. Masanga ilifika kule Bosco mwenyewe hajafika.

Kisha akafika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 alikaa kwa muda ku Nairobi, akawa na saa yake ku radio. Vijana wa kule walishika gitare wakatafuta kupiga kama yeye, na mupaka leo mutu akiandika historia ya gitare ya Kenya anaanza na Wakongomani. Musichanganye: kuna Kenya ya inchi na kuna Kenya yetu, komine ya Lubumbashi. Hiyo ya Lubumbashi njo ilizaa kikundi cha Jecoke, vijana wa vichekesho na kuimba, na ndani yao alikuwa Édouard Masengo, ndugu wa Bosco, mupiga gitare mukubwa naye. Masengo vilevile alifika Nairobi. Watu wawili wa familia moja, wanatoka Katanga, wanafundisha Afrika ya mashariki kwa Kiswahili chetu kile kile kilichochekwa. Sisi hilo linatufurahisha sana, hatufichi.

Wakati huo inchi ilikuwa inawaka. Katanga ilijitenga Julai 1960, vita ikakwisha Januari 1963. Bosco alirudi, na maisha yake mengi aliyakaa Lubumbashi.

Hapa tunaomba musome polepole. Huyu mutu, mwenye zawadi, mwenye disiki mu inchi zote hizi, alirudi akafanya kazi gani? Alifanya kazi ya banki. Alifanya kazi ku Gécamines. Aliongoza bendi za wengine. Alikuwa na hoteli, upande huu wa mupaka wa Zambia. Gitare ilikuwa ya mangaribi na ya siku ya yenga. Wengine wanasema hiyo inaonyesha alikuwa mutu wa akili, hakutegemea muziki. Ni kweli alikuwa mutu wa akili. Lakini sisi wa sendika tunaangalia upande mwengine: kazi ya mikono ile iliyosikiwa na inchi nzima haikutosha kulisha nyumba yake. Mutu anayechimba anajua kilo ngapi zimetoka, hata kama bei hapangi yeye. Mupiga gitare wa miaka ile alipiga mara moja mbele ya mashini, na disiki zikaenda kuuzwa kule macho yake hayafiki.

Na musifikiri ni mambo ya zamani tu. Kila tarehe 4 Desemba, siku ya Sainte Barbe, makampani yanaita vijana wapige muziki mu feti ya wafanyakazi. Tunajua kampani moja, jina tunaliacha, ambayo vijana walipiga kutoka mangaribi mupaka asubui, wakalipwa kreti mbili za bia. Kreti mbili! Mwenye kuleta jenereta alilipwa kwa franka. Tulipouliza, tuliambiwa kama muziki si kazi, ni furaha.

Mwaka 1969 Bosco alipanda ndege akaenda Marekani, ku Newport, ile feti kubwa ya muziki wa gitare na nyimbo za watu. Wamarekani walimuona akipiga kwa vidole viwili. Alirudi, kazi ikaendelea. Mwaka 1979 Mwingereza John Low alifika Lubumbashi. Huyu hakutafuta shaba wala kobalti. Alitafuta Bosco, Masengo na Losta Abelo, akae chini mbele yao afundishwe. Alifundishwa, akarudi kwao, na miaka mitatu nyuma yake kitabu chake cha safari ile kilitoka. Tunauliza tu: mwaka ule, vijana wangapi wa hapa walikuwa wamekaa kwenye kiti kile cha mwanafunzi? Mwaka 1982 Bosco alipiga Ujerumani. Mwaka 1988 alikuwa Cape Town, mu studio, akaimba tena nyimbo zake za zamani, miaka 36 nyuma ya siku ya Tracey. Sauti ilikuwa imezeeka, vidole bado.

Alikufa mwezi wa Septemba 1990, mu ajali ya gari. Mwezi ule ule, kule Kolwezi, mugodi wa Kamoto ulianguka ndani, na tangu hapo Gécamines haikusimama tena ginsi ilivyokuwa. Watu wa Katanga walikuwa na mengi ya kulia mwaka ule. Alikuwa na miaka 60.

Muziki wake wa Cape Town ulitoka kuwa CD mwaka 1994, ku kampani ya Rounder, Marekani. Yeye hakuiona. Zile sauti za 1952 Tracey alizichukua, na nyumba ya kuchunga muziki aliyoijenga iko mupaka leo mu Afrika ya Kusini, ku Makhanda, muji waliouita zamani Grahamstown. Mutoto wa Likasi anayetaka kuandika kitabu juu ya Bosco lazima apitie kule, au anunue CD ya Marekani.

Njo maana tuna neno moja la kuomba. Mu nyumba zetu, ndani ya masanduku ya wababu, disiki za 78 bado ziko. Tumeona watoto wanazichezea kama sahani, na tumeona wafanyabiashara wanapita kuzinunua kwa bei ya sukari. Musiziuze mbele ya kuongea na sisi. Leteni ku biro ya sendika, hapa Sakania, siku ya posho mangaribi, hata kama ina ufa. Tutaandika jina la wimbo, namba iliyo ku karatasi ya katikati, na jina la mwenye disiki, kisha mwenyewe atarudi nayo ku nyumba. Disiki moja inaletwa na watu wawili: mumoja anaibeba, mwengine anaangalia njia, kwa sababu mvua imeharibu kabisa barabara ya gare.