Alfred Butts: Msanifu aliyehesabu herufi za magazeti na kuizalia dunia Scrabble

MWAKA wa 1931, ofisi moja ya wasanifu majengo jijini New York, Marekani, ilimwachisha kazi Alfred Mosher Butts. Alikuwa na umri wa miaka 32, ana mke, na mdororo mkuu wa uchumi ulikuwa umeshika nchi nzima. Hapakuwa na mtu aliyejenga, na pasipojengwa msanifu hana mlo.

Butts alizaliwa Aprili 13, 1899, katika mji wa Poughkeepsie, jimbo la New York. Babake alikuwa wakili na mamake mwalimu. Alihitimu usanifu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka wa 1924, na mwaka uliofuata akamwoa Nina Ostrander, aliyekuwa mwalimu pia.

Alipokosa kazi hakukaa kitako. Aliketi na kuichunguza michezo ya watu kama vile mtu achunguzavyo msingi wa nyumba. Aligundua kuwa ipo ya bahati, kama dadu. Ipo ya kusogeza vipande, kama sataranji. Na ipo ya maneno. Hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa michache, na hapo akaona pengo. Alitaka mchezo ambao bahati na ujuzi vingegawana mshindi.

Swali gumu lilikuwa hili: kila herufi iwe na vigae vingapi? Butts alichukua kurasa za mbele za magazeti, likiwemo New York Times, akahesabu herufi moja baada ya nyingine na kuandika idadi zake. Ni kazi ya kuchosha ambayo mtu mwenye ajira asingeithubutu. Hesabu hiyo ndiyo iliyompa vigae 12 vya E, tisa vya A, na kimoja kimoja kwa Q na Z. Herufi S aliibana hadi vinne, maana Kiingereza huunda wingi kwa kuongeza S mwishoni, na zikizidi mchezo huwa rahisi mno.

Laiti angalihesabu ukurasa wa gazeti la Kiswahili, mchezo ungekuwa mwingine kabisa. A ingefurika mezani, Q na X zisingekuwapo, na K, ambayo katika seti ya Kiingereza ina kigae kimoja tu chenye alama tano, ingekuwa ya bei ya chini.

Toleo lake la kwanza aliliita Lexiko. Halikuwa na ubao. Alilipeleka kwa kampuni kubwa za michezo, Parker Brothers na Milton Bradley, na zote zikalikataa. Ofisi ya hataza nayo ikamfungia mlango. Butts aliendelea kutengeneza seti kwa mkono nyumbani kwake mtaani Jackson Heights, Queens, akiwauzia marafiki, na faida hakuiona.

Baadaye alirejeshwa kazini, lakini mchezo hakuutupa. Mnamo 1938 aliongeza ubao wa miraba 15 kwa 15, ili maneno yapitane kama kwenye fumbo la magazetini, na kila mchezaji akapewa vigae saba. Akauita Criss-Cross Words. Kampuni zikakataa tena.

Saba hiyo ndiyo kiini cha mchezo. Msomaji wa Kuresoi, huko kwenye mashamba ya chai na viazi pembezoni mwa Mau, anaweza kuionja bila hata kununua seti, kwa kuwa jina la kwao lina herufi saba kamili. Jina lenyewe haliruhusiwi, kwani majina ya mahali hayakubaliwi. Lakini kwa herufi hizo hizo mwanafunzi ataunda risk, sour, euros, na akikazana zaidi skier, neno la alama tisa kwa sababu ya ile K. Ambaye amewahi kutazama herufi saba hadi macho yakauma ataelewa Butts alikuwa akitafuta nini.

Aliyeukwamua mchezo ni James Brunot, aliyekuwa na mojawapo ya seti zile za mkono. Mwaka wa 1948 walikubaliana kwamba Brunot autengeneze na kuuza, naye Butts alipwe mrabaha wa senti chache kwa kila seti. Brunot alibadilisha mpangilio wa miraba ya ziada, akaweka zawadi ya alama 50 kwa anayetumia vigae vyote saba, na kuupa jina la Scrabble. Mwaka wa 1949 alitengeneza seti 2,400 na bado akapata hasara.

Kisha mambo yakageuka. Inasimuliwa kuwa mwaka wa 1952 mkuu wa duka la Macy's aliucheza likizoni, akarudi na kushangaa kuwa duka lake haliuuzi. Kufikia 1954 seti takriban milioni 4 ziliuzwa kwa mwaka mmoja.

Wengine walitajirika zaidi ya aliyeubuni. Butts hakulalamika. Theluthi ya mapato yake ilikwenda kwa kodi, theluthi akaigawa, na iliyobaki ikamtosha kuishi vyema. Aliinunua tena nyumba ya jamaa zake huko Stanfordville, na maktaba ya mji huo aliichora yeye.

La kuchekesha ni kwamba hakuwa hodari wa tahajia, na mkewe alimshinda mara kwa mara. Nina alifariki mwaka wa 1979.

Mnamo 1989 mchezo ulinunuliwa na Hasbro, wamiliki wa Milton Bradley, kampuni ile ile iliyokuwa imemfukuza Butts mlangoni. Mashindano ya dunia yalianza London mwaka wa 1991, na mwaka wa 2015 Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuyashinda.

Butts alifariki Aprili 4, 1993, siku chache kabla ya kutimiza miaka 94. Mtaani Jackson Heights kiliwekwa kibao cha barabara ambacho kila herufi ina alama zake chini, kama kigae. Kilitoweka mwaka wa 2008, na mwaka wa 2011 kikawekwa kingine.