John Boyes: Mfalme Aliyejitawaza

Historia ya Ulaya huwakumbuka Wavikingi kwa hatua tatu: waliingia kwa jahazi wakichuuza na kupora, wakalowea, kisha wakatawala. Mwaka 866 waliuteka mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, na mwaka 876 wakagawana ardhi ya nchi ile. Takriban miaka 1,000 baadaye, katika jimbo lilo hilo la Yorkshire, alizaliwa John Boyes, ambaye angezipita hatua zizo hizo katika nchi ya Mlima Kenya.

Boyes alitoka Hull, mji wa bandari, akawa baharia angali kijana. Alifika Mombasa mwaka 1898, wakati misafara ya Uganda ilipohitaji mno chakula. Akaingia Ugikuyuni kununua nafaka. Huko Tuthu, Murang'a, alipokewa na Karuri wa Gakure, mtu mwerevu aliyetambua faida ya mgeni mwenye bunduki. Wakachanjiana. Boyes akajenga kwa Karuri, akawafunza vijana kupigana kwa bunduki, akashiriki vita vya mwenyeji wake, na kupandisha bendera ya Uingereza pasi na idhini. Alifunga undugu hata na Wang'ombe, kiongozi wa upande wa Nyeri.

Mwaka 1900 Waingereza walijenga ngome Mbiri, ulipo sasa mji wa Murang'a. Fahali wawili hawakai zizi moja: Boyes alikamatwa na kushtakiwa kwa ujambazi, ingawa mahakama ilimwachilia. Karuri alibaki, akafanywa chifu mkuu na serikali, na mwaka 1902 akawakaribisha wamishonari wa Consolata.

Mwaka 1911 Boyes alichapisha kitabu akijiita mfalme wa Wagikuyu. Dai hilo halina mashiko. Wagikuyu waliongozwa na mabaraza ya wazee. Hawakuwa na kiti cha enzi ambacho mtu angekikalia. Alichokuwa nacho ni bunduki na hisani ya Karuri. Hata hivyo, alipofariki Nairobi mwaka 1951, jina la mfalme lilikuwa limemganda.

Hapa ndipo Boyes anapotofautiana na Wavikingi. Habari za uvamizi wao ziliandikwa hasa na watawa, ambao nyumba zao ziliporwa. Ugikuyuni, aliyeshika bunduki ndiye aliyeshika kalamu pia, na waliopoteza mifugo na jamaa zao hawakuchapisha neno. Yatupasa basi, sisi wanafunzi wa lugha, kuyakusanya masimulizi ya wazee wa Murang'a na Nyeri, ili kitabu cha mgeni kisibaki shahidi wa pekee.