Allidina Visram: Mfanyabiashara wa misafara aliyelifungua Ziwa Victoria kwa mkopo

Jina la Allidina Visram hutajwa kila siku mjini Mombasa kwa sababu ya shule ya upili inayoitwa kwa jina lake. Mwenye jina hilo, hata hivyo, alikuwa mtu wa Bagamoyo, wa Kampala na wa Kisumu kama alivyokuwa wa Mombasa. Alianza maisha ya kazi wakati bidhaa zilipobebwa mabegani mwa wapagazi, akayamaliza wakati garimoshi na meli zilipokuwa zimewaondoa wapagazi hao njiani.

Visram alizaliwa takriban mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, eneo la Kutch nchini India, katika jamii ya Waismailia. Alivuka bahari akiwa kijana mdogo na kufika Afrika Mashariki katika miaka ya 1860, kabla ya kuwapo kwa mipaka ya kikoloni iliyochorwa baadaye.

Huko Bagamoyo aliingia katika kazi ya Sewa Haji Paroo, tajiri aliyewapatia wasafiri wa bara wapagazi, vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Hapo ndipo kijana huyo alipojifunza siri ya biashara ya misafara. Mali ilitolewa pwani kwa mkopo, ikaenda bara kwa miezi kadhaa, na deni likalipwa kwa pembe za ndovu. Aliyekosa kuaminiwa hakuweza kusafiri, hata angekuwa hodari kiasi gani.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897, na Visram akaiendeleza njia hiyo. Tayari alikuwa na matawi kadhaa, yakiwemo ya Dar es Salaam na Ujiji. Tofauti yake na waliomtangulia ni kwamba hakuridhika kupeleka msafara na kuungoja urudi. Kila mahali palipokuwa na kituo, yeye alijenga duka na kumweka mtu wa kukaa hapo mwaka mzima.

Mnamo mwaka 1898 alifungua tawi mjini Kampala. Wakati huo reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilikuwa ikisonga mbele kuelekea ziwani. Visram alifungua maduka kando ya njia hiyo, akiwauzia vyakula na mahitaji wafanyakazi wa reli na watumishi wa serikali.

Reli ilifika Kisumu, iliyoitwa Port Florence, mwezi Desemba 1901. Mji huo ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1902, ulipohamishiwa upande wa Kenya ya sasa. Safari ya takriban kilomita 930, iliyowachukua wapagazi miezi, ikawa safari ya siku chache. Wengi waliotegemea misafara waliporomoka. Visram alisimama, kwani maduka yake yalikuwa yamemtangulia njiani.

Kutoka Kisumu biashara iliendelea kwa maji. Visram alimiliki majahazi yaliyosafiri ziwani kati ya Kisumu na bandari za Uganda. Chombo kilichotoka Kisumu kilipaswa kuipita ghuba yote ya Winam hadi kwenye mlango wake mwembamba, ambapo Luanda Kotieno iko kaskazini na Mbita pamoja na kisiwa cha Rusinga viko kusini. Mlango huo, ambao sasa feri huuvuka ikibeba abiria na magari, ndio uliokuwa lango la bidhaa zote zilizoelekea ziwa kuu.

Wakazi wa mwambao walikutana na mtandao huo kupitia duka dogo la bati. Serikali ilidai kodi ya nyumba, na kodi ililipwa kwa rupia. Ili kuzipata, mkulima wa Nyanza aliuza ngozi, nafaka na ufuta, zao lililohimizwa na utawala wa John Ainsworth, mkuu wa mkoa kuanzia mwaka 1907. Mwenye duka mara nyingi alikuwa mgeni kutoka India aliyepewa bidhaa kwa mkopo na tajiri kama Visram. Naye alirudisha deni kwa mazao aliyoyanunua.

Katika miaka yake ya mwisho Visram alikuwa na mawakala zaidi ya 30, viwanda vya kukamua mafuta na cha kuchambulia pamba, na sifa iliyomfanya aitwe mfalme wa Uganda asiye na taji. Alitoa michango kwa shule na hospitali, na hata kwa ujenzi wa Kanisa Kuu la Namirembe, ijapokuwa yeye alikuwa Mwislamu.

Alifariki mwaka 1916 kwa homa iliyompata baada ya safari ya Kongo. Mwanawe, Abdulrasul, alirithi biashara na kuijenga shule ya Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 1923. Mwaka huohuo Abdulrasul naye akafariki, na baada ya muda mfupi biashara ikasambaratika. Himaya iliyosimama juu ya imani ya watu kwa mtu mmoja haikuweza kuishi bila mtu huyo.

Sifa zake hazifuti kasoro ya mfumo alioujenga. Mkopo ulitembea baina ya watu waliojuana kwa ukoo, dini na lugha. Mpagazi aliyebeba mzigo na mkulima aliyeleta ufuta hawakuingizwa katika mnyororo huo, nao walibaki kuuza kwa bei waliyopangiwa. Ndiyo sababu Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipounda kampuni ya Luo Thrift and Trading mwaka 1947, walianza kwa kukusanya akiba za watu wa kawaida. Walifahamu kwamba pasipo mtaji na kuaminiana, duka halisimami.

Wanafunzi wanapoigiza mikutano ya wafanyabiashara wa njia za kale, nafasi ya tajiri ndiyo huvutia. Maisha ya Visram yanaonyesha kwamba meza hiyo haikamiliki bila kiti cha mpagazi na kiti cha mkulima, kwani wao ndio waliobeba mali na kulipa gharama.