John Mudge

John Mudge (Bideford, Devon, 1721 – Plymouth, 26 Machi 1793) alikuwa daktari na mvumbuzi kutoka Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa kubuni kifaa cha mkononi cha kuvutia mvuke, ambacho yeye mwenyewe alikiita inhela.

Baba yake, Zachariah Mudge, alikuwa kasisi wa Kanisa Anglikana; ndugu yake Thomas alikuwa fundi saa mashuhuri. John alifanya kazi ya udaktari mjini Plymouth. Mwaka 1777 alipewa nishani ya Copley kwa kazi yake juu ya vioo vya darubini.

Mwaka 1778 alitoa kitabu kuhusu tiba ya kikohozi cha mafua, ugonjwa uliohofiwa sana kwa kuwa ulidhaniwa kuweza kuishia katika kifua kikuu. Kifaa chake kilikuwa kopo la aloi ya bati lenye kifuniko, kama yale ya kunywea bia. Lilitiwa maji ya moto, na mgonjwa alivuta pumzi kwa mrija uliotoka kwenye kifuniko. Ubunifu mkubwa ulikuwa katika mpini. Ulikuwa na uwazi ndani, hewa ikaingia kwa matundu yake, ikashuka hadi chini ya kopo na kupanda majini kwa mapovu. Hivyo ilimfikia mgonjwa ikiwa na joto na unyevu, bila jiko wala mvukuto. Pamoja na mvuke huo alipewa dawa yenye afyuni, ambayo hutuliza kikohozi lakini pia huleta uraibu.

Mwanawe William aliongoza upimaji wa ramani za Uingereza.