Ahmad ibn Majid, Mtu Aliyepima Bahari kwa Vidole

Mwaka huu nimeonelea niwaandikie maisha ya Ahmad ibn Majid. Kila aliyesoma Historia amesikia kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Bara Hindi. Mimi alinivutia kwa sababu ya Hisabati, maana sisi wa kidato cha tatu tunageuza digrii kuwa radiani mpaka kichwa kinauma.

Alizaliwa karne ya 15 huko Julfar, mahali ambapo leo ni Ras al-Khaimah. Babu yake na baba yake walikuwa waongozaji wa vyombo, naye akazifuata nyayo zao. Mtu wa kazi hiyo aliitwa muallim, neno lile lile lililotupa sisi mwalimu. Kufikia mwaka 1490 hivi alikuwa ameandika Kitab al-Fawaid, kitabu kikubwa cha elimu ya ubaharia. Mambo mengine mengi aliyatunga kwa mashairi, na shairi lake moja laeleza njia ya kwenda Sofala, kule Msumbiji.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Kipimo chake cha pembe kilikuwa isba, maana yake kidole. Baharia alishika kibao chenye kamba, ukingo wa chini akauelekeza penye upeo wa bahari na wa juu kwenye nyota, akajua nyota imepanda vidole vingapi. Duara nzima ilikuwa na vidole 224. Mbona 224? Dira yao iligawanywa sehemu 32, na kila sehemu ilikuwa na vidole 7. Haya, chukua 360 ugawanye kwa 224: kidole kimoja ni digrii 1.607, yaani digrii 1 na dakika 36 hivi. Ukitaka radiani, ni kama 0.028.

Msione ni kitu kidogo, jameni. Mji wa Homa Bay uko karibu nusu digrii kusini ya ikweta, na mji wa Migori digrii moja na ushei. Tofauti hiyo ni thuluthi ya kidole tu! Hata mpaka wetu na Tanzania ndani ya ziwa, ambao Waingereza na Wajerumani waliuweka kwa mkataba wa 1890, hufuata digrii 1 kusini, yaani vidole 0.62. Kidole kizima ni kama kilomita 178 za kaskazini kwenda kusini. Baharia aliyekosea kidole kimoja akitafuta Malindi angejikuta ameshapita Vanga. Tena kusini ya ikweta Nyota ya Kaskazini haionekani, kwa hivyo ilibidi wapime kwa nyota nyingine.

Lakini jina lake lina doa. Wareno waliishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, na wako wanaomlaumu Ibn Majid ati ndiye aliyewafungulia mlango. Mimi sikubali. Aliyemtaja ni mwandishi wa Makka, miaka mingi baada ya safari ile. Waandishi wa Kireno wenyewe walisema rubani alikuwa Mgujarati. Isitoshe, Ibn Majid alikuwa mzee wakati huo, na inaaminika alifariki muda mfupi baada ya mwaka 1500. Kumtwika mtu lawama kwa ushahidi kama huo ni kumwonea.

Jambo moja kuhusu rubani huyo lanifurahisha. Inasimuliwa kwamba Vasco da Gama alimwonyesha chombo cha Kireno cha kupimia nyota, akidhani atashangaa. Wapi! Alitulia tu, akamweleza kwamba kwao wanapimia chombo cha vibao vitatu. Basi wakang'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, Wareno na digrii zao, yeye na vidole vyake, na tarehe 20 Mei wakafika Calicut.