Louis Braille na nukta zilizopigwa marufuku

Louis Braille hakuzaliwa kipofu. Alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki mwa Paris, na baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na umri wa miaka 3 aliutwaa msharasi wa babaye ili naye atoboe ngozi, ukamteleza na kumchoma jicho. Maradhi yakavuka hadi jicho la pili, na punde si punde akawa haoni kabisa.

Mwaka wa 1819 alipelekwa Paris katika shule ya vijana vipofu iliyoasisiwa na Valentin Haüy. Vitabu vilikuwapo, lakini vilikuwa vichache na vizito mno, kwani herufi za kawaida zilikandamizwa kwenye karatasi nene ili zijitokeze na kupapaswa moja moja. Kuandika nako karibu hakukuwezekana. Kwa maoni yangu, kasoro ilikuwa wazi: chombo hicho kilibuniwa na mwenye macho, kwa kufuata kanuni za macho.

Afisa wa jeshi, Charles Barbier, alikuwa amebuni maandishi ya nukta zilizoinuka, na mwaka wa 1821 yakafikishwa shuleni hapo. Braille aliuona ubora wake na upungufu wake. Nukta 12 zilizidi upana wa ncha ya kidole. Aidha, ziliwakilisha sauti tu bila kujali tahajia. Alipofika umri wa miaka 15 alikuwa amezipunguza hadi 6, katika safu mbili za tatu tatu, zitoazo alama 63. Kidole kikigusa mara moja, herufi imesomeka. Mwaka wa 1829 aliuchapisha mfumo huo pamoja na namna ya kuandika muziki, maana alikuwa pia mpiga kinanda hodari kanisani.

La kusikitisha ni kwamba wakubwa hawakuutaka. Mkuu mpya wa shule, Armand Dufau, aliyeshika madaraka mwaka wa 1840, aliupiga marufuku, akishikilia kwamba vipofu wasome herufi zile zile za wenye macho. Wanafunzi wakaendelea kuutumia kwa siri, kwa kuwa wao ndio waliojua kilichowafaa. Ni mwaka wa 1844 tu, baada ya kushawishiwa na naibu wake, Joseph Guadet, ndipo Dufau aliporuhusu uonyeshwe hadharani.

Hapa Kenya, ambako shule ya vipofu ya Thika ilianzishwa mwaka wa 1946, wanafunzi husoma kwa nukta hizo hizo. Siku hizi kompyuta husoma kwa sauti, na wapo wanaodai kwamba nukta nundu zimepitwa na wakati. Wengi wa wadai hao, nionavyo, wana macho. Mtoto asikilizaye tu atajuaje neno huandikwaje, au atalifanyaje zoezi la hesabu? Tena vipo vifaa vya kompyuta ambavyo nukta zake hupanda na kushuka chini ya kidole, na mwanafunzi akapata vyote viwili. Kabla ya kununua mitambo, wanafunzi wenyewe wameulizwa?

Braille alifariki kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari 1852, miaka 2 kabla ya Ufaransa kuukubali rasmi mfumo wake. Mwaka wa 1952 mabaki yake yalihamishiwa Panthéon, jijini Paris, wanakozikwa mashujaa wa taifa hilo. Mikono yake iliachwa Coupvray.